Mtani wa Kikundi Kizima

Jumamosi, 9 Juni 1973

Fedheha! Na si yangu.

Bwana Elimu amekuja kukagua kikundi chetu cha ufundi wa redio hapa Kilosa. Jina lake Lupakisyo, mtu wa Tukuyu, afisa wa elimu ya watu wazima, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Alitukuta darasani tumekaa kwa adabu, jiko la mkaa linawaka, chuma cha kulehemu kimeiva. Redio tatu ziko wazi mezani. Nikajua leo tunasifiwa. Badala yake akauliza wanawake wako wapi.

Akasema mwezi wa nne alimwona hapa Mwalimu Agnesi, na yule dada wa duka la ushirika, Mwanakheri. Wamekwenda wapi? Mwenyekiti wetu Mzee Simoni, mstaafu wa simu za reli, akakohoa. Danieli, mwanachama mwenzetu, akatazama dari. Kisha wote wakanitazama mimi.

Mimi! Nimefanya nini? Nilimwambia Agnesi anashika koleo kama anayesonga ugali. Ni kweli. Na kila alipoinama kulehemu nilimpigia mluzi wa treni sikioni, ili azoee vishindo vya kazi. Mwanakheri alileta redio ya baba yake, mzee asiyeona, anakaa Mvumi. Redio ilikuwa imekufa tangu masika. Nikamshauri afugie kuku humo. Watu walicheka. Yeye akaifunga ndani ya kanga, akaondoka, hakurudi. Watu wengine hawana ucheshi. Mimi nifanyeje?

Bwana Elimu hakucheka. Alisema sanduku la vifaa ni la wananchi, si la wanaume wachache na mzaha wao. Kama mpaka mwisho wa mwezi huu kikundi hakijawa mahali ambapo mtu yeyote akiingia anatamani kurudi, sanduku litapanda treni kwenda kwa kikundi cha Mikumi.

Sanduku! Lina mita ya kupimia umeme. Lina koleo, bisibisi, waya za kulehemu, transista zilizofungwa kwenye pamba. Na ufunguo wake unaning'inia shingoni mwangu kwa kamba ya katani. Watu wakiuona wananiita Fundi Anselmi. Bila huo ufunguo mimi ni mziba pancha tu.

Haliendi. Watu wa Mikumi wana tembo. Watosheke.


Jumapili, 10 Juni

Baada ya kanisa nilikwenda kuwaalika. Si kuomba radhi! Kualika.

Mke wangu Yudith alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee Mwanakheri. Mwanakheri alipokea ndizi, mimi hakunipokea. Tulizungumza mlangoni. Aliniamkia shikamoo, maana amelelewa vizuri, lakini shikamoo yenyewe ilikuwa baridi. Akasema atarudi kwa sharti moja: kikundi kiwe na kanuni, zijulikane na kila mtu, na zimbane hata mwenye ufunguo. Vinginevyo yeye mwenyewe ataitengeneza redio ya baba yake kwa msumari atakaouchoma jikoni. Mzee wake hajasikia taarifa ya habari tangu mvua. Anakaa tu kibarazani anawauliza wapita njia dunia imefika wapi.

Nikatikisa kichwa kwa huruma. Moyoni nilikuwa nawaza ufunguo.

Kwa Mwalimu Agnesi sikuchukua muda. Alisema analosema Mwanakheri ndilo hilo hilo. Wamepanga! Wanawake wakipanga jambo huitwa mshikamano. Mimi nikipanga jambo huitwa Anselmi.


Jumatano, 13 Juni

Kikao cha dharura. Kanuni zimeandikwa ubaoni kwa chaki, mwandiko wa Agnesi. Asiyejua asichekwe. Mtu asishikwe, wala asinyang'anywe kifaa mkononi, bila kuulizwa. Aliyeudhiwa aseme, na asikilizwe kwanza. Atakayevunja atakwenda kukaa nje, kwenye benchi la kando ya michongoma, mpaka kikao kiishe. Na aliyekwenda kwenye benchi asishike dhamana yoyote ya kikundi.

Nilisimama. Nilisema huu ni ukoloni umerudi kwa mlango wa nyuma. Nilisema tulidai uhuru ili tucheke. Nilisema mengi, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeniunga mkono. Danieli alipiga mwayo.

Kisha Mzee Simoni akainua mkono. Akauliza, na utani je? Utani wametuachia mababu. Mtani humtukana mtani wake mchana kweupe, humchukulia kitu chake, na mwenye kitu hukaa kimya, kwa sababu siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe. Kikundi cha redio hakiwezi kufuta jambo hilo. Wote wakakubali. Agnesi akaongeza pembeni mwa ubao, kwa herufi ndogo: isipokuwa watani.

Herufi ndogo, lakini macho yangu ni makubwa.

Jamani! Wamejenga ukuta, wakaacha mlango, na mlango wenyewe umenitosha kabisa.


Jumamosi, 16 Juni

Ushindi!

Wanawake wamerudi. Agnesi alikaa mezani, akashika koleo. Nikasubiri. Alipoinama nikapiga mluzi wa treni. Darasa zima likageuka. Mzee Simoni akaninyooshea kidole, akaonyesha mlango na benchi.

Sikusogea. Nilisema kwa upole kwamba Mwalimu Agnesi ni mtani wangu. Bibi yangu mzaa baba, wa Malolo, kabla ya kuolewa na babu alikuwa ameolewa na ukoo wa kina Agnesi. Agnesi akasema hajapata kuisikia habari hiyo. Nikasema ndiyo maana tunakutana, tuelimishane.

Nikamgeukia Danieli, nikamwambia pua yake ingetosha kuwa kipaza sauti. Akataka nipelekwe benchi. Bibi yangu! Aliolewa kwao Danieli pia, Masanze, mara ya pili. Mzee Simoni? Mara ya tatu. Mwanakheri? Hapo niliona watu wanahesabu, kwa hiyo nikasema kwa Mwanakheri hakuolewa, alinyonyesha tu mtoto wao wakati wa njaa. Basi tayari. Kabla mkaa haujapoa nilikuwa mtani wa kikundi kizima. Kanuni zote ziko ubaoni, na hakuna hata moja inayonigusa.

Mzee Simoni alikuna kidevu. Alisema utani hauulizwi cheti. Mtu akijitangaza mtani mbele ya watu, basi ni mtani, kwa yote.

Mwanakheri aliweka koleo lake chini. Halafu akatabasamu, akaniambia, "Karibu, mtani."

Lile tabasamu sikulipenda. Lakini ushindi ni ushindi. Yudith nilipomsimulia aliuliza bibi alipata wapi muda wa kulima. Wivu.


Jumatatu, 18 Juni

Asubuhi nimefungua mlango, nimemkuta Danieli na jembe. Hakunikabidhi. Amelilaza kizingitini.

Bibi yake mkubwa amefariki Masanze. Nikampa pole, pole ya kweli, maana nilimjua yule bibi, alikuwa mkali na mwenye haki. Danieli akashukuru. Kisha akasema watani ndio wachimbao.

Nimechimba! Udongo wa Masanze mwezi huu ni tofali. Nilitazamia watani wenzangu wa ukoo ule waje tusaidiane, wakaja, wakaona jembe liko kwangu, wakasema mgeni huheshimiwa kwa kupewa kazi ya kwanza. Wakakaa kivulini. Nilipomaliza kaburi nikapewa shoka, nikapasue kuni. Nilipomaliza kuni nikaambiwa sasa nichekeshe wafiwa, ndiyo kazi hasa ya mtani. Nikafungua mdomo, pumzi ikatoka peke yake. Shangazi yake Danieli akanitazama, akasema mtani asiyechekesha ni kibarua.

Hapo wafiwa walicheka.

Mikono imechubuka. Kalamu naishika kwa vidole viwili. Sijutii.


Jumatano, 20 Juni

Wizi wa mchana, na sina pa kushtaki.

Agnesi alipita akitoka shule. Aliingia uani, akamkamata jogoo wangu miguu juu, akaaga. Nilipofungua mdomo akasema, "Mtani, mboga." Yudith akamfungulia geti.

Jioni akaja Danieli, akakaa kwenye kigoda changu cha kazi, akakisifu, akainuka, akakiweka kichwani, akaenda nacho. Mzee Simoni amechukua kofia yangu ya mvua, na mvua yenyewe hakuna mpaka vuli. Kulalamika siwezi. Mtu akimlalamikia mtani huchekwa mpaka na wajukuu.

Yudith anasema niliyataka mwenyewe. Anasema pia kwamba jogoo amepikwa vizuri. Kumbe alikwenda kula!

Mwanakheri naye alifika. Alisimama uani, akatazama huku na huku, akatazama shingo yangu. Nikamwuliza anataka nini. Akasema bado anachagua.


Jumamosi, 23 Juni

Leo kikao kilijaa. Wamekuja akina mama wawili wa Masanze walioniona msibani. Wamekuja wafugaji na redio iliyoingia maji ya mto, wakawa wanazungumza kilugha chao pembeni, Agnesi akawasogezea benchi la mbele na kuwauliza kwa Kiswahili taratibu mpaka wakacheka naye. Hakuna aliyewacheka wao. Kila mtu aliyeshika koleo vibaya alionyeshwa tu, basi. Kimya kizuri cha kazi. Karibu nisinzie.

Nikaona niwachangamshe. Nikasema neno juu ya pua ya Danieli. Danieli akasema afadhali pua yake, masikio yangu yakipata waya yanashika Dodoma. Darasa likaanguka! Agnesi akaongeza. Mzee Simoni, mzee mzima, akaongeza. Hata mama mmoja wa Masanze, ambaye bibi yangu hakuwahi kuolewa na ukoo wake, akauliza kama inaruhusiwa, akaambiwa ngoja kwanza umwulize bibi yake Anselmi.

Nilisema nimeudhika. Nilisema kwa mujibu wa kanuni nisikilizwe. Agnesi akanionyesha pembe ya ubao. Herufi ndogo. Isipokuwa watani.

Mimi peke yangu! Katika darasa lile lote mimi peke yangu ndiye nisiye na kanuni ya kunilinda. Haya ni maonevu, na nitayapinga mpaka mwisho, mara tu nitakapojua nayapinga vipi.

Jambo jingine. Mwanakheri ameanza kulehemu redio ya baba yake. Nilichungulia. Kiungo chake kinang'aa, kimetulia kama tone la maji. Vyangu hukaa kama uji uliomwagika. Sikusema kitu. Sitasema.


Alhamisi, 28 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Simoni kujiuzulu utani. Nimemkuta amevaa kofia yangu.

Alinisikiliza vizuri. Akasema utani haujiuzuliwi, si ujumbe wa nyumba kumi. Njia ni moja: nisimame mbele ya kikundi, niseme bibi wa Malolo aliolewa mara moja tu, na babu.

Yaani niseme nilidanganya! Mbele ya Agnesi! Bora nichimbe makaburi ya wilaya nzima.

Lakini Anselmi hafi kwa mtego mmoja. Jumamosi Bwana Elimu anakuja kuamua, na kikundi cha Mikumi kinakuja na treni kuangalia. Mpango huu hapa. Sanduku nitalifunga tangu asubuhi. Mwanakheri redio yake imebakia kiungo kimoja, lakini bila mita na waya atakaa tu na mikono mapajani. Bwana Elimu akiingia nitasimama, nitatoa hotuba ya ukaribisho, nitafungua sanduku mbele ya macho yake, kisha mimi ndiye nitakayeimaliza ile redio. Sanduku litabaki Kilosa, na ufunguo utabaki ulipo.

Hotuba tayari. Inaanza na ukombozi wa Afrika.


Jumamosi, 30 Juni

Naandika nikiwa na hasira, mwandiko usishangaze.

Nilisimama mlangoni tangu mapema. Niliwakaribisha watu wa Mikumi kwa mikono miwili, wakashangaa upole wangu. Niliwakaribisha wafugaji. Nilimkaribisha hata baba yake Mwanakheri, aliyeletwa kutoka Mvumi kwa baiskeli, ameshika fimbo, kanzu nyeupe kabisa. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza kama hapa ndipo redio yake ilipo. Nikamwambia ndipo. Nikamweka mbele.

Bwana Elimu akaingia. Darasa limejaa mpaka madirishani. Nikaanza hotuba. Nilikuwa nimefika Msumbiji Mwanakheri aliponyoosha mkono, akasema anaomba vifaa, kazi imebaki kidogo na mzee amechoka. Nikamwambia asubiri, ukombozi hauna haraka. Akasema baba yake amesubiri tangu masika.

Kisha akainuka. Alikuja taratibu, watu wote wanamwona. Akashika kamba ya katani, akaivua kichwani mwangu kama mama anavyomvua mtoto shati.

"Mtani," alisema, "nimeshachagua."

Ufunguo! Mbele ya Mikumi!

Nikapiga kelele. Nilimwita mwizi. Nilimwita kupe. Nilimwita bepari, yeye muuza chumvi wa ushirika! Yule mzee akageuza uso kuelekea sauti yangu.

Mzee Simoni hakupandisha sauti. Alisema ndugu Anselmi ana njia mbili. Kama Mwanakheri ni mtani wangu, matusi hayana kosa, lakini na ufunguo ameuchukua kwa haki. Kama si mtani wangu, ufunguo nirudishiwe, lakini matusi yale ni ya kwenda benchi, na aliye kwenye benchi hashiki dhamana.

Nilifikiri. Naapa nilifikiri. Nikaona ufunguo mkononi mwake, kichwa kikajaa damu, nikasema kwa nguvu kwamba mimi si mtani wake! Wala wa Agnesi! Wala wa mtu yeyote humu! Bibi yangu aliolewa mara moja!

Danieli alisema taratibu kwamba basi anadaiwa shukrani kwa kaburi.

Ndiyo hivyo. Ufunguo nilirudishiwa, nikaushika kwa muda wa kutoka mezani mpaka mlangoni. Hapo Agnesi akaupokea kwa heshima, na mimi nikaenda michongomani. Nilijaribu kumwambia Bwana Elimu kwamba bibi aliwahi kufika Tukuyu. Akanionyesha benchi.

Nimekaa nje kikao chote. Nilisikia sanduku linafunguliwa. Nilisikia Mwanakheri akimweleza mama wa Masanze anachofanya, hatua kwa hatua, bila haraka. Nilisikia chuma kikigusa risasi ya kulehemu, harufu ikanifikia. Halafu mkwaruzo. Halafu sauti ya mtangazaji, safi, kama yuko nyuma ya ukuta. Yule mzee akacheka peke yake, kicheko kidogo, akasema Alhamdulillahi, kumbe dunia bado ipo.

Hapo macho yangu yaliwasha. Ni vumbi. Kilosa mwezi huu ni vumbi tupu, kila mtu anajua.

Bwana Elimu amesema sanduku linabaki Kilosa. Watu wa Mikumi wamenakili kanuni zote kutoka ubaoni waende nazo kwao, wameacha zile herufi ndogo. Ufunguo amepewa Mwanakheri. Amechaguliwa kwa mikono yote. Nilichungulia dirishani kuhesabu, nikaona mkono wa Yudith. Yudith si mwanachama!


Jumapili, 1 Julai

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili mpya.

Kosa halikuwa langu. Kosa ni la utani. Utani ni kitu cha hovyo, kila mtu anakucheka, anakuchukulia jogoo, anakuvua ufunguo. Nilichagua undugu mbaya. Kanuni ziko ubaoni, sawa, na zibaki. Lakini nimezipitia tena kichwani neno kwa neno, na kuna jambo hawakulifikiria.

Ukwe!

Nani anamcheka mkwe? Nani anamvua mkwe kitu shingoni? Nani, mwenye akili zake, anamwambia mkwe akakae kwenye michongoma? Mkwe anaheshimiwa mpaka basi. Jumamosi ijayo ni Saba Saba, watu wote watakuwepo. Nitasimama niwatangazie. Ni kweli bibi aliolewa mara moja, nimeshakubali, mimi ni mtu wa kweli. Lakini bibi alikuwa na binti. Na huyo binti aliolewa Masanze, na Mvumi, na kwa kina Agnesi, na nadhani hata Tukuyu. Mimi ni mkwe wa kikundi kizima. Ufunguo utarudi wenyewe, kwa adabu, juu ya sinia.

Yudith amesikiliza mpango wote huku akipepeta mchele. Akasema mkwe hali chakula na wakwe zake. Akasema mkwe hakai nao chumba kimoja, hawatazami usoni, na akiwaona njiani huiacha njia mpaka wapite. Nimemwambia yeye siasa haijui. Heshima ina gharama zake.

Nimeanza mazoezi leo leo. Nikitoka kuchukua baiskeli ya mteja nilimwona Mwanakheri anakuja kutoka stesheni, kamba ya katani shingoni, baba yake ameshika bega lake na redio inaimba kikapuni. Njia ilikuwa nyembamba, upande huu ukuta, upande huu mfereji. Nikaruka mfereji. Sikuufikia upande wa pili.

Walisimama. Mwanakheri aliniamkia kutoka juu, akauliza kama nimeumia, akanyoosha mkono anivute.

Maji yalikuwa mpaka kiunoni. Nikageuza uso, kama mkwe mwema, na sikuitika.